Mzigo Wangu Niachieni

Ukishavuka miaka 60, mikono ya kukupokea mizigo huwa mingi kuliko mizigo yenyewe. Kalamu ikidondoka, kabla hujainama mtu keshaiokota. Ukishika kiti ukisogeze, kinakwapuliwa. "Bibi, kaa tu, utaumia." Na ole wako useme mara moja kwamba kiuno kinauma! Kuanzia siku hiyo hata kwenda kuchota maji ya kunywa kunajadiliwa na ukoo mzima.

Nawapenda watu hawa, na najua wanachokihofia. Ila nimeishi na mgongo unaouma miaka mingi, na msimamo nilioufikia nauweka wazi mapema ili asiyeutaka asipoteze muda wake: mgongo wa mwanamke mzee haupati nafuu kwa kulindwa kila saa. Unataka kazi. Iwe kazi iliyopimwa, inayoongezwa kidogo kidogo, lakini kazi kweli, ya kutoa jasho.

Mimi si daktari. Nilikuwa mwalimu, mtu wa kusimama mbele ya ubao kutwa nzima na kurudi nyumbani na rundo la madaftari. Ninayoyaandika hapa nimeyapata kwa mtaalamu wa tiba ya viungo anayenisimamia, kwa kusoma, na kwa kukaa na wanawake wa rika langu, ambao mazungumzo yetu huanza na watoto na kuishia kwenye magoti.

Tuanze na hofu, maana ndiyo inayotulaza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo, na kwamba ifikapo mwaka 2050 watakuwa milioni 843. Wanawake ni wengi kuliko wanaume. Katika umati huo, takriban watu 9 kati ya kila 10 hawana mfupa uliovunjika, uvimbe wala maambukizi ambayo daktari anaweza kuyanyooshea kidole na kusema, hili ndilo linalokuuma. Maumivu ni ya kweli, hakuna anayeyazua. Lakini kuumwa si lazima kuwe na maana kwamba kuna kitu kinachanika ndani kila unapojigeuza.

Majibu ya picha yangu ya mgongo yaliandikwa kwa lugha ya kumnyima mtu usingizi: diski, yale matakia ya kati ya pingili, zimechakaa, zimepungua kimo, pingili zimeota vijimifupa pembeni. Kwa muda nilitembea kama niliyebeba mayai tumboni. Kilichonitoa huko ni uchambuzi mmoja wa mwaka 2015 uliokusanya picha za migongo ya watu wasioumwa chochote. Miongoni mwa wenye umri wa miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizochakaa. Kwa wenye miaka 80, asilimia 96. Kwa hiyo mpige picha bibi yeyote wa miaka 80 anayetembea bila kulalamika, utakuta karibu yote yaliyoandikwa kwenye karatasi yangu. Nafikiri karatasi zile zingetolewa pamoja na takwimu hizo, wengi wetu tungeendelea na shughuli zetu.

Kisha kuna suala la kulala. Sisi tulikuzwa na ushauri mmoja: mgongo ukikuuma, jinyooshe kitandani mpaka upone. Mwaka 1986 watafiti wa Marekani waliwagawa wagonjwa 203 wa maumivu ya kiuno, wengine wakaambiwa walale siku 2 na wengine siku 7. Kwa walioambiwa walale siku 2, siku za kukosa kazi zilikuwa pungufu kwa asilimia 45, na wale wa siku 7 hawakupata faida yoyote ya ziada. Hao walikuwa watu wa rika la kazi. Kwetu sisi bei ni kubwa zaidi. Utafiti mwingine, wa mwaka 2007, uliwalaza kitandani siku 10 watu wenye afya njema, wa umri wa wastani wa miaka 67. Walipoinuka walikuwa wamepoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguu. Siku 10 tu, na hawakuwa wagonjwa! Sasa piga hesabu ya yule anayelazwa wiki 3 kwa sababu ya kiuno, akiletewa kila kitu kitandani na watu wanaompenda.

Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu sugu ya kiuno yanayotibiwa bila upasuaji. Mazoezi yamo, pamoja na kumwelimisha mgonjwa, tiba za mikono kama kukandwa, na msaada wa kisaikolojia. Vitu ambavyo mwongozo hauvipendekezi kuwa tiba ya kawaida ni pamoja na mikanda ya kufunga kiunoni, kuvutwa mgongo kwa mashine, na dawa kali za jamii ya afyuni. Nilikuwa na mkanda kama huo. Kufariji unafariji, siwezi kuukana, lakini haujengi msuli hata mmoja.

Kwa nini basi nasema wanawake? Kwa sababu mwili wetu una ratiba yake. Hedhi hukoma kwa wengi kati ya miaka 45 na 55, na homoni ya estrojeni, iliyokuwa ikizuia mifupa isimomonyoke haraka, inashuka. Katika miaka 5 hadi 7 inayofuata, mwanamke anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya uzito wa mifupa yake. Ndiyo maana baada ya miaka 50, karibu mwanamke 1 kati ya 3 atavunjika mfupa kwa sababu ya mifupa kuwa dhaifu, na pingili za mgongo ni miongoni mwa mifupa inayoongoza. Nyingi huporomoka kimyakimya, bila ajali. Mtu anaona tu kimo kimepungua, gauni limeanza kuburuza mbele, na kibiongo kinajitokeza. Juu ya hapo misuli inapungua mwaka hadi mwaka, na misuli inayoshikilia kibofu, ambayo kwa waliozaa ilishapitia mengi, inalegea. Kiuno kinachouma mara nyingi kinabeba kazi ambayo mapaja, makalio na tumbo vimeacha kuifanya.

(Kama una miaka 45 na unasoma haya kwa ajili ya mama yako, soma kwa ajili yako pia.)

Habari njema ni kwamba msuli hauulizi cheti cha kuzaliwa. Mwaka 1990 huko Boston watafiti walichukua wazee 10 wa makao ya kulea wazee, wenye umri kati ya miaka 86 na 96, wakawafanyisha mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu kwa wiki 8. Uzito wenyewe haukuwa wa mchezo. Tisa walimaliza, na nguvu ya mapaja yao iliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Wawili waliacha fimbo zao. Nilipoyasoma hayo kwa mara ya kwanza niliinuka nikazunguka chumba, kwa sababu nilikuwa nimeshajiaminisha kuwa kwangu mimi mambo ya nguvu yamepita.

Mfano wa pili ni wa Australia, umechapishwa mwaka 2018. Wanawake 101 waliokoma hedhi, umri wa wastani miaka 65, wote mifupa yao imeanza kupungua. Kundi moja lilipewa mazoezi mepesi ya nyumbani. Jingine lilinyanyua vyuma vizito mara 2 kwa wiki, dakika 30 kila mara, kwa miezi 8, huku wakisimamiwa kwa karibu: kuinua chuma kutoka sakafuni, kuchuchumaa na chuma mabegani, kusukuma chuma juu ya kichwa, na kuruka na kutua. Kundi la vyuma liliongeza uzito wa mfupa wa kiunoni kwa asilimia 2.9. La mazoezi mepesi lilipoteza asilimia 1.2. Aliyeumia katika kundi la vyuma alikuwa mmoja, msuli wa kiuno ulimkaza kidogo. Simwambii mtu yeyote aamke kesho akanyanyue kilo 40. Wanawake wale walianza chini, wakafundishwa namna, na jicho la mtaalamu lilikuwa juu yao. Lakini tunapopewa vijizoezi vya kupungia mikono kana kwamba tumetengenezwa kwa karatasi, tunapunjwa.

Kabla ya zoezi lolote, kuna dalili ambazo haziendi kwenye mkeka, zinakwenda kwa daktari. Ganzi kwenye sehemu za siri au mapajani kwa ndani, mkojo kukataa kutoka au kutoka bila kujijua, choo kukushinda kukizuia, miguu yote miwili kuishiwa nguvu: hayo ni ya kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo. Maumivu yanayokuja na homa, kupungua uzito bila sababu, maumivu yasiyotulia hata ukilala, au historia ya saratani, nayo yanataka kuchunguzwa mapema. Na hili la kwetu hasa: maumivu makali ya ghafla katikati ya mgongo baada ya kuanguka, au hata baada ya kukohoa au kuinua kitu kidogo, kwa mwanamke aliyekoma hedhi au aliyetumia dawa za steroidi kwa muda mrefu. Hiyo inaweza kuwa pingili iliyoporomoka. Usikubali kuambiwa ni uzee tu.

Kuhusu mifupa dhaifu kuna utafiti wa zamani wa Mayo Clinic, hospitali ya Marekani, wa mwaka 1984, mdogo lakini ulionibadilisha namna ya kuchagua mazoezi. Wanawake 59 wenye mifupa dhaifu ya mgongo waligawanywa. Waliofanya mazoezi ya kujikunja mbele, yale ya kulala chali na kuinua kifua kuelekea magotini, asilimia 89 walikutwa baadaye na pingili zilizoporomoka zaidi. Waliofanya ya kunyoosha mgongo kwa nyuma, asilimia 16. Wasiofanya kitu, asilimia 67. Kwa kundi dogo hivyo sitaapa kwa kila tarakimu, ila mwelekeo unaeleweka: kwa mifupa dhaifu, kujikunja kwa nguvu na kupinda kiwiliwili huku umebeba uzito ni mambo ya kukaa nayo mbali. Nashangaa ni madarasa mangapi ya wanawake wazee bado yanaanza na kugusa vidole vya miguu.

Lakini hata kunyoosha kwa nyuma hakumfai kila mtu. Wapo ambao mfereji wa uti wa mgongo umekuwa mwembamba kwa umri. Utawatambua: wakitembea kidogo miguu inakuwa mizito, inawaka au inakufa ganzi, na wakikaa au kuinama mbele wanapata ahueni papo hapo. Mtu wa namna hiyo ukimlazimisha kujipinda nyuma unamwongezea mateso. Baiskeli ya kukaa ndani humsaidia zaidi, na kutembea kwa vipande vifupi akipumzika kwa kukaa. Kwa sababu hiyo siamini orodha ya mazoezi 10 ya mgongo inayosambazwa kwa kila mtu. Miezi yangu ya mwanzo na mtaalamu wa viungo ilikuwa na thamani kubwa hapo tu: kunijulisha mgongo wangu ni wa aina gani.

Sasa mazoezi yenyewe. Ningeruhusiwa kubakiza moja tu, ningebakiza kuinuka kitini. Chukua kiti imara kisicho na magurudumu, kisukume mpaka kiguse ukuta. Kaa nusu ya mbele, nyayo zimetulia sakafuni kwa upana wa nyonga, visigino nyuma kidogo ya magoti. Kunja mikono kifuani. Inamia mbele kutokea nyonga mpaka pua ifike juu ya vidole vya miguu, toa pumzi, simama. Simama hadi mwisho, magoti yanyooke, makalio yakaze. Halafu rudi taratibu ukihesabu mpaka 4. Hapo kwenye kurudi ndipo penye dawa, na ndipo wengi tunapojitupa tukashukia kiti kwa kishindo. Kishindo hicho kinapanda moja kwa moja kwenye pingili.

Ukishindwa bila mikono, weka mto juu ya kiti ukiinue kimo, wiki zikisonga uutoe. Ukiona mara 10 zinapita bila jasho, kumbatia kitu kizito kifuani. Watu wengi hukwama hapa. Wanafanya mara 10 zilezile, kwa uzito uleule, mwaka mzima, kisha wanasema mazoezi hayajawasaidia. Mwili ukishaizoea kazi hauna sababu ya kuongeza nguvu. Mara za mwisho 2 au 3 za kila mzunguko zinatakiwa zikukunje uso.

Zoezi hilohilo ni kipimo pia. Katika sekunde 30, bila kutumia mikono, unainuka mara ngapi? Kwa mwanamke wa miaka 65 hadi 69, chini ya mara 11 ni dalili kwamba miguu imedhoofika na hatari ya kuanguka imepanda. Kwa wa miaka 70 hadi 79 mpaka ni mara 10, na kwa wa 80 hadi 84 ni mara 9. Fanya siku ya kwanza, uandike, urudie baada ya miezi michache. Ni kipimo kizuri kuliko kuulizana "mgongo unaendeleaje", swali ambalo jibu lake hufuata hali ya moyo.

La pili ni kujifunza kuinama. Tunainama mara nyingi kwa siku, na wengi wetu tunakunjia mgongo badala ya nyonga. Nyonga ifanye kazi kama bawaba ya mlango: kinachogeuka ni pale tu, kiwiliwili chote kinakwenda kipande kimoja. Simama ukiupa ukuta mgongo, songa mbele hatua moja ndogo, legeza magoti kidogo, kisha peleka makalio nyuma yautafute ukuta. Kifua kitashuka chenyewe. Shika fimbo nyuma ya mgongo, iguse kisogo, katikati ya mabega na mfupa wa mwisho wa uti. Fimbo ikibanduka mahali pamoja, umekunja mgongo. Ukishaipata, weka mzigo mdogo juu ya kigoda, uinue kwa namna hiyo na kuurudisha. Juu ya kigoda, si sakafuni, sakafu itafuata. Baada ya muda mzigo unaongezwa. Hili ndilo zoezi lililonirudishia heshima yangu, maana ninaponyanyua kitu sasa najua ninachokifanya, na anayekuja mbio kunipokea namwambia asubiri.

Mengine nitayapitia kwa haraka. Lala chali, magoti yamekunjwa, nyayo chini, kisha sukuma kwa visigino uinue makalio mpaka mapaja na kiwiliwili vinyooke mstari mmoja, ukae sekunde 5. Linafanyika hata kitandani. Piga magoti na kuweka mikono chini, nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto bila kiuno kuyumba, kisha badili. Mwenye magoti mabovu asimame, aegemeze mikono mezani, aunyooshe mguu nyuma. Kwa ajili ya kibiongo, lala kifudifudi na mto chini ya tumbo, vuta mabega nyuma, uinue kifua kidogo tu kutoka kwenye mkeka, macho yakitazama chini. Asiyeweza kulala hivyo akae wima na kuvuta viwiko nyuma kana kwamba anataka vikutane. Kusimama kwa mguu mmoja, kidole kikigusa ukuta, kunafanyika popote. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya kutoyumba siku 3 au zaidi kwa wiki, juu ya dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kama kutembea kwa haraka.

Kunyoosha viungo kuna mahali pake, ingawa naona kumepewa sifa kuliko kunavyostahili. Kiungo kinacholegezwa bila kutiwa nguvu hurudi kukakamaa kesho yake. Ninachonyoosha mimi ni sehemu ya mbele ya nyonga, kwa kusimama hatua moja mbele, mguu wa nyuma umenyooka, makalio yamekazwa. Kukaa muda mrefu huikaza sehemu ile, na ikikaza huivuta chini ya mgongo. Na kitandani, kabla sijainuka, naangusha magoti taratibu kulia na kushoto. Asubuhi diski za mgongo zimejaa maji yaliyoingia usiku, ndiyo maana tunaamka tumekakamaa na warefu kidogo kuliko jioni. Saa ya kwanza si saa ya kuinama chini kabisa wala kubeba vizito. Acha mgongo ulegee kwa kutembea kwanza.

Jambo ambalo halisemwi hadharani ni mkojo. Nimefahamiana na wanawake walioacha mazoezi si kwa sababu ya mgongo bali kwa sababu kila wakijitutumua, tone linatoka. Wanaona aibu, wanatoa udhuru mwingine, wanabaki nyumbani, na mgongo unazidi. Msaada upo. Misuli ile ya chini inafundishika: ikaze kana kwamba unazuia mkojo na hewa kwa pamoja, ihesabie mpaka 5, iachie kabisa, rudia mara 8 hadi 10, mara kadhaa kwa siku. Daktari Mmarekani Arnold Kegel aliyaandikia mazoezi haya mwaka 1948, kwa hiyo si jambo la jana. Na unapoinua kitu, kaza kule chini kwanza, kisha toa pumzi wakati wa kuinua. Kubana pumzi kunasukuma kila kitu chini. Baada ya miezi mitatu usipoona mabadiliko, wapo wataalamu wa viungo walioisomea sehemu hiyo hasa, na hawashangai chochote.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni: nikiumwa wakati wa zoezi, niache? Kanuni niliyofundishwa ni hii. Pima maumivu kutoka 0 hadi 10. Yakiwa chini ya 4 na yakatulia kufikia kesho yake asubuhi, endelea. Yakizidi hapo, au yakishuka mguuni kupita goti wakati hayakuwa huko, punguza uzito, punguza mara, au badilisha zoezi. Misuli kuuma siku moja au mbili baada ya zoezi jipya ni kawaida. Na siku mbaya zitakuja hata ukifanya yote sawasawa. Siku hizo sifanyi vyuma, natembea kidogo na kurudia yale ya kitandani, kesho yake naanza tena chini ya nilipoishia. Wiki za mwanzo nguvu huongezeka kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza kuiamsha misuli. Nyama yenyewe huchelewa. Usiuhukumu mpango wowote kabla ya wiki 8 hadi 12.

Kutembea ndiyo dawa iliyo rahisi kuliko zote, na sasa ina ushahidi wake. Mwaka 2024 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya watu 701, wengi wao wanawake, ambao walikuwa wametoka tu kupona maumivu ya kiuno. Waliopewa mpango wa kutembea ulioongezwa taratibu hadi dakika 30, mara 5 kwa wiki, pamoja na maelezo kutoka kwa mtaalamu, walikaa siku 208 kwa kipimo cha kati kabla maumivu hayajarudi. Wasiopewa chochote, siku 112. Hakuna mashine hapo. Ukianza, anza na muda ambao una hakika utaumaliza ukiwa na akiba, hata kama ni dakika 5, na uongeze kabla hujaongeza kasi.

La mwisho ni sakafu. Ukiwauliza wanawake wa rika langu mara ya mwisho walipokaa chini na kuinuka bila kushikwa, wengi hunyamaza. Tumeiacha sakafu polepole kwa kuogopa kutoinuka, na kwa kuiacha ndipo uwezo wa kuinuka unapopotea. Halafu siku mtu anapoanguka, hata kama hakuvunjika, analala pale mpaka atokee mwenye kumwona. Hivyo kuinuka kutoka chini ni zoezi la kufanyiwa mazoezi kama mengine. Geuka ubavu. Jisukume kwa mkono mpaka ukae kwa nyonga moja, kisha uje kwenye mikono na magoti. Tambaa hadi kwenye kiti imara, weka mikono juu yake, leta mbele mguu wenye nguvu zaidi na uukanyage vizuri, pumzi nje, sukuma kwa mikono na mguu pamoja, geuka, kaa. Pumzika kabla ya kusimama, maana kichwa huzunguka ukiinuka ghafla. Mara za mwanzo fanya kukiwa na mtu karibu, na mto chini ya goti linalouma. Aliyewekewa goti au nyonga ya bandia aulize kwanza kwa mtaalamu wake kama anaruhusiwa kupiga magoti, na mguu upi utangulie.